Njiwa wa Ifakara na Kibali Kilicho Mbali

Mpunga ukishavunwa katika bonde la Kilombero, na maji yaliyoifunika mbuga tangu masika yakisharudi katika mkondo wake, majaruba yanayobaki na mabua hupata wageni wengi kuliko waliokuwapo wakati wa palizi. Huja hua na tetere kwa makundi kuokota punje zilizopukutika. Huja pugi wawiliwawili, wadogo na wenye haya, wasiopenda kwenda mbali na kivuli. Na alfajiri hutoka kanga vichakani kwa safu ndefu, wakichakura ardhi huku mmoja wao amesimama juu ya kichuguu kuwalinda wenziwe. Majira haya, tangu Julai hata Oktoba, ndiyo ambayo katika ofisi na baraza za Dar es Salaam na Morogoro huamsha mashauri ya mabwana wachache wenye bunduki za marisau, wakiulizana ni Ijumaa ipi waondoke mapema, nani atoe gari, nani achukue barafu, na ndege wangapi watarudi nao Jumapili jioni.

Mashauri hayo sina ugomvi nayo. Wako watu ambao hawaoni katika usasi ila ukatili, na wako ambao hawaoni ila ushujaa, na wote nadhani wamelitazama jambo kwa jicho moja. Kwa maana mtu alaye nyama, ikiwa aliiona ikiruka kabla ya kuitia chunguni, hana dhambi kubwa kuliko yule aliyeinunua sokoni imekwisha katwa vipande, na huenda akawa na staha zaidi kwa kile alichokila. Ugomvi wangu ni juu ya kibali. Wapangaji wa safari hizi aghalabu huanza na bunduki, wakaendelea na gari na chakula, na kibali wakakiweka mwisho, kuwa ni jambo la kuombea radhi likigundulika. Na serikali, kwa kulipokea ombi la mtu atakaye njiwa kumi katika mlango uleule wa mtu atakaye nyati, imekiweka kibali hicho mbali hata mtu mwema akashawishika kukisahau. Nasema kibali cha ndege na wanyama wadogo kishushwe mpaka kijijini, mahali ndege walipo.

Kwanza ijulikane sheria ilivyo, maana wengi huizungumza kwa kusikia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, iliyoshika mahali pa ile Na. 12 ya mwaka 1974, haimpi mtu idhini ya kuwinda wanyama na ndege waliotajwa humo pasipo leseni, nayo inakataza mambo ambayo msasi mwenye murua asingeyafanya hata kama yangeachwa huru: kutumia sumu, kuchimba mashimo, kumulika kwa taa usiku, kupiga kutoka garini. Silaha ina sheria yake ya mwaka 2015, na hiyo ni kazi ya polisi. Leseni za uwindaji zimo mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ambayo watu huiita TAWA, na msimu hufunguliwa mwezi wa Julai. Hayo ni mepesi kuyaandika katika mistari michache. Walakini mtu wa Lupiro au wa Mang'ula apendaye kupiga kanga wawili kwa halali hujikuta akifuata karatasi kutoka ofisi hata ofisi, akilipa nauli iliyopita thamani ya kanga wenyewe, ilhali jirani yake asiyefuata kitu amekwisha kula na kunawa.

Na ardhi yenyewe imebadilishwa majina na hukumu mara nyingi. Mwaka 1952 bonde lilitangazwa kuwa pori tengefu, ambamo mtu aliweza kuishi na kulima lakini si kuwinda apendavyo. Mwaka 2002 likaingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Na mwaka 2023 sehemu ya bonde hilo ikapandishwa daraja kuwa Pori la Akiba la Kilombero, ambamo hata kuingia tu kunahitaji ruhusa. Upande mmoja ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Upande wa pili ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous. Na katika hifadhi za taifa bunduki ya mwindaji haina nafasi. Kwa hiyo kijana wa mjini aliyesimuliwa na mjomba wake jinsi walivyokuwa wakisimamisha Land Rover popote mbugani na kupiga kanga wa kutosha arusi, akisafiri na simulizi hiyo badala ya ramani, aweza kulala mahabusu kwa sababu ya kuvuka mfereji.

Mjomba huyo hakusema uongo, ila alisimulia ulimwengu uliokwisha. Sheshe, yule swala wa kando ya maji mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu iliyokoza, alikuwa akihesabiwa hapa kwa makumi ya maelfu hata katika miaka ya 1990, wala hapakuwa na mahali pengine barani penye sheshe wengi kama hao. Leo msafiri aweza kukaa kutwa kwenye ukingo wa mto asimwone hata mmoja. Nyati na tembo waliokuwa wakikata bonde baina ya Selous na Udzungwa wamezibiwa njia na miwa, mpunga na vijiji. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwatoa wafugaji na ng'ombe wao bondeni, na tangu hapo mfugaji amebebeshwa lawama yote kana kwamba mbuga iliharibiwa na yeye peke yake. Insafu yataka isemwe kwamba reli ya TAZARA, mashamba makubwa, matrekta, na sisi walaji wa mchele wa Ifakara tuishio mbali, tumefanya kazi ileile kwa kelele ndogo zaidi.

Lakini ndani ya hasara hiyo limo jambo ambalo wasasi wa mjini na maofisa wa wanyamapori, wote wawili, hawajalipa uzito wake. Mnyama mkubwa hulikimbia jembe, na ndege hulifuata. Kila jaruba jipya linalomfukuza sheshe humwalika hua. Njiwa, kanga, kwale, sungura na ndezi (huyu wa mwisho, mtafuna miwa, kwa ladha sijui nyama ya kumpita) ni viumbe wa shambani zaidi kuliko wa porini: wamo katika ardhi ya kijiji, wanakula nafaka ya kijiji, hulala katika vichaka ambavyo kijiji kimeviacha kwa hiari yake, na ajabu ni kwamba kijiji ndicho kisichokuwa na kauli juu yao. Sheria iliyotungwa kwa kumfikiria tembo, ambaye hatambui mipaka ya kata wala ya mkoa, na ambaye yafaa kweli atazamwe kutoka juu, imemfunika pia tetere, ambaye aghalabu hukaa karibu na maji na nafaka aliyoizoea.

Wala si kweli kwamba watu wa bonde hili hawakuwa na nidhamu ya usasi mpaka walipoletewa na ofisi. Mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha, katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza, maelezo juu ya desturi za uwindaji za Wandamba wa bonde la Ulanga, ndilo hili hili, na asomaye maelezo hayo huona kwamba mtu hakuondoka kumfuata ndovu kwa sababu tu alikuwa na mkuki na miguu. Palikuwa na dawa zilizotangulia, na miiko, na utaalamu uliorithiwa. Tusizitie desturi hizo sukari: ndovu walikuwa wakifa, na pembe zilikuwa zikienda pwani. Nazitaja kwa sababu moja, nayo ni kwamba ruhusa ya kuwinda ilikuwa karibu na mwindaji, mikononi mwa watu wamjuao, ambao wangemwona akirudi na wangejua alichokileta. Ruhusa ya karibu ni nzito kuliko ruhusa ya mbali, kwa maana mtu aweza kuidanganya ofisi mwaka mzima bila kukosa usingizi, lakini kumdanganya jirani anayekutana naye kisimani kila asubuhi ni kazi ngumu.

Basi na tuupange mwisho wa juma huo, tuone mpango mwema huwaje. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 400, kwa Morogoro na Mikumi, kisha kusini kwa Kidatu, kati ya mashamba ya miwa na miguu ya Udzungwa, hata Ifakara. Barabara kuu hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na hapo bunduki yapasa kuwa tupu, imefungwa katika ala yake, na karatasi zake ziwe mahali ambapo mkono huzifikia bila kupekua. Maana mtu mwenye silaha katikati ya hifadhi hana haki ya kukasirika akisimamishwa. Mjini Ifakara, nyumba ya kulala wageni ichaguliwe kwa chandarua chake kabla ya kitanda. Mji huu, ambamo mtafiti Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara yake katika miaka ya 1950, na ambao utafiti wa malaria na vyandarua uliofanywa humo na katika wilaya za jirani umesomwa duniani kote, si mahali pa mgeni kujifanya hodari mbele ya mbu.

Ijumaa jioni isipigwe risasi hata moja. Jioni hiyo ni ya kubisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, kutoa shikamoo kwa mkubwa na kusubiri karibu yake, kuonyesha karatasi bila kuombwa, kisha kupelekwa kwa mwenye shamba. Na kwa mwenye shamba mgeni akae, aulize, asiwe na haraka ya kuondoka. Wasasi wa mjini hudhani kwamba ziara hiyo ni adabu tu, jambo la kulitimiza kwa dakika tano na kilo mbili za sukari. Kumbe hapo ndipo habari zote zilipo: ni jaruba lipi linalookotwa mabaki ya mpunga na akina mama asubuhi, watoto wanachungia wapi, mpaka wa pori la akiba unapita mti gani, na kanga wamelelea vifaranga upande upi. Zaidi ya hayo yote, hapo ndipo mtu aweza kuuliza habari ya sumu.

Juu ya sumu nitakaa kidogo. Nchi ilimayo mpunga, mtama na uwele ina adui aitwaye kwelea kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, ajaye kwa mamilioni, na serikali hupambana naye kwa eropleni za kunyunyizia dawa mahali anapolala usiku. Dawa itumikayo mara nyingi ni fenthioni, nayo haichagui. Bundi, kozi na kipanga walao kwelea waliokufa hudhurika. Ndege wengine waliolala katika matete hayohayo huangamia pamoja nao. Na yule asiyepata sumu ya kumwua palepale huweza kuruka akaenda kukaa juu ya mti wa shamba jingine, mzito, mwenye kuzubaa, asiyemkimbia mtu. Mwindaji mgeni humwona ndege huyo akamhesabu kuwa bahati. Mwenye shamba aliyesikia eropleni wiki iliyopita angemwambia amwache, na asimwokote hata akianguka mwenyewe.

Wakenya wamefunzwa jambo hili kwa machungu. Nchi yao ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikaacha upigaji wa ndege uendelee kwa muda, kisha mwaka 2003 nao ukafungwa. Baadaye ikadhihirika kwamba huko Bunyala, katika majaruba ya mpunga ya magharibi ya nchi hiyo, watu walikuwa wakiwatega ndege kwa Furadan, dawa iliyotengenezwa kuua wadudu mashambani: wakiitia katika konokono ili wawapate korongo, na katika nafaka ili wawapate njiwa na mabata, na ndege walipolewa na kuanguka walikamatwa, wakachinjwa, na nyama yao ikauzwa kwa watu wa kula. Sidai kwamba marufuku ndiyo iliyozaa sumu. Njaa ya kitoweo na urahisi wa dawa dukani vilitosha. Nadai tu kwamba marufuku haikuizuia, na kwamba mahali ambapo usasi wote umekuwa siri, msasi wa marisau na mtiaji sumu wamewekwa katika kundi moja, na wa kwanza hana tena sababu wala ujasiri wa kwenda kumshitaki wa pili.

Jumamosi ndiyo siku ya kazi, na kwa kuwa wapigaji wanajua kupiga, sitawafundisha. Nitasema tu mambo ambayo ndege mwenyewe anayataka yajulikane. Hua na jamaa zake hutaga mayai mawili, si zaidi, na dume na jike wote huwalisha makinda kwa maziwa yanayotoka katika mfuko wao wa kooni. Hivyo anayemwua mmoja karibu na kiota amewapunguzia makinda nusu ya riziki, na anayewaua wote wawili amewaua wanne. Hutaga karibu majira yote, jambo linalofanya msimu peke yake usitoshe kuwalinda, na idadi iwe muhimu kuliko tarehe. Hula asubuhi, na alasiri hushuka majini kunywa. Na hapo kwenye maji, ambapo huja bila hadhari kwa kuwa kiu imewashinda, ndipo mahali pepesi kuliko pote pa kuwapiga, na ndipo mahali ambapo mtu mwenye staha hatasimama. Asubuhi shambani, ndege akipita juu kwa kasi, mpigaji mwema hukosa mara nyingi, na kukosa huko ni sehemu ya mapatano.

Marisau nayo yana lawama yake. Yametengenezwa kwa madini ya risasi, na yakimwagwa majini au katika tope la jaruba hukaa humo miaka, mpaka bata anayetafuta changarawe za kusagia chakula katika firigisi yake akayameza akadhani ni changarawe, akafa polepole mbali na aliyepiga. Marekani ilikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini tangu mwaka 1991. Bonde letu, ambalo tuliliandikisha wenyewe katika Ramsar, halistahili upungufu wa hadhari kuliko mabwawa ya Wamarekani. Na madhali marisau ya chuma ni adimu katika maduka yetu, la kufanya ni kuwapiga njiwa katika mashamba makavu na kuwaacha mabata. Na kwa ndugu zangu Waislamu, aula mtu achukue kisu kikali mfukoni pamoja na kutaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kuvuta. Maana wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya kilichouawa kwa kigongo cha kitu kizito pasipo makali, na ndege anayefikiwa yu hai akachinjwa humwondolea mlaji mashaka.

Nimekwisha itaja Marekani, basi niongeze moja. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo msimu wa njiwa hufunguliwa tarehe 1 Septemba, na mtu haruhusiwi kuzidisha njiwa 15 kwa siku. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1914, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati njiwa aliyeitwa Martha, wa mwisho wa kabila la njiwa wahamaji, ambao makundi yao yaliwahi kulifunika jua, na ambao watu waliwaua kwa bunduki, nyavu na moshi ili wauzwe mijini kwa mapipa. Taifa lililommaliza njiwa mmoja likajifunza kuwahesabu wengine, na tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi za kuwindia hutumika kuwahifadhi wanyama haohao. Sisemi tuige kila kitu, kwa maana wao ni matajiri na bunduki zao ni nyingi kupita akili. Lakini pale mtu huomba kibali cha njiwa bila kupoteza siku ya kazi, na kwa sababu hiyo aweza kuulizwa: umepiga wangapi? Kwetu swali hilo halina wa kulijibu, kwa kuwa aliyepiga, kwa karatasi, hakuwapo.

Ninachokipendekeza hakihitaji fikra kubwa. TAWA iendelee kutunga msimu na idadi, na kutaja ndege wasioguswa kabisa, kwa kuwa hilo ni jambo la elimu na halifai kuachiwa matakwa ya kila kijiji. Bali kibali chenyewe, cha njiwa, kanga, kwale, sungura na ndezi katika mashamba ya kijiji nje ya pori la akiba, kitolewe katika ofisi ya kata, kwa kitabu chenye nambari, kikitaja mtu, silaha, kijiji, siku na idadi. Arudipo, mwindaji aandike alichokipata katika kitabu hichohicho mbele ya mtu. Na sehemu nzuri ya ada, si vijisenti, ibaki kijijini. Serikali ya kijiji iwe na uwezo wa kuyafunga mashamba yake kwa msimu mzima bila kumwomba mtu radhi. Mfano wa kukabidhi wanyama kwa wanavijiji si mgeni hapa: sera ya mwaka 1998 ndiyo iliyofungua njia ya jumuiya za hifadhi, na bonde lina ILUMA, iliyoundwa na vijiji vya maeneo ya Ifakara, Lupiro na Mang'ula. Mahali ambapo watu waliaminiwa kwa sheshe, wataweza kuaminiwa kwa tetere.

Nitaambiwa kwamba ofisa wa kata ataviuza vibali chini ya meza. Huenda wengine watafanya hivyo, na sina haja ya kujifanya mtoto mchanga. Lakini nani asiyejua kwamba hata sasa mwenye gari zuri na jamaa mkubwa hupiga bila karatasi, na kwamba rushwa ya mbali haionekani na mtu yeyote, ilhali ya kijijini huonekana na wote na kusemwa kwenye mkutano? Nitaambiwa pia kwamba bunduki zitazidi. Haziwezi kuzidi kwa njia hii, maana sheria ya silaha ya mwaka 2015 haiguswi na kitabu cha kata, na yule asiye na bunduki halali hatapewa kibali cha kupigia.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua, nayo ni kwamba wenye bunduki za marisau aghalabu ni watu wa mjini, na kwa hiyo kibali chepesi kitakuwa hisani kwa mgeni tu, wakati mwenyeji mwenye manati na tanzi akibaki mhalifu kama alivyokuwa. Ni kweli, na ada inayobaki kijijini haijibu hoja hiyo yote. Jibu lake lipo Kondoa. Huko watu wamewakamata kwelea kwelea kwa nyavu na mitego tangu zamani, wakawala na kuwauza, na wataalamu wameshughulika kuona kama utegaji huo ungeweza kupanuliwa ushike, walau mahali fulani, nafasi ya kunyunyizia sumu. Kwa nini Kilombero, ambako ndege huyo ni adui anayeliwa pia, kijiji kisipewe idhini ya kutega kwelea kwa nyavu wakati wa mavuno, chini ya uangalizi, ili mkulima apate kitoweo na serikali iokoe mafuta ya eropleni? Mtoto wa kijiji angejifunza kuchagua, kuachia huru ndege asiyetakiwa katika wavu. Na manati yake, ambayo hakuna sheria iliyofaulu kumpokonya mtoto wa Kiafrika, ingebaki ilivyo.

Hayo ya vibali na nyavu yatahitaji waziri, kanuni na pengine Bunge, na najua mwendo wa mambo hayo. Lakini Halmashauri ya Mji wa Ifakara, pamoja na zile za Mlimba, Ulanga na Malinyi, hazihitaji kanuni mpya ili kubandika katika mlango wa kila ofisi ya kata, kabla ya Julai, karatasi mbili: ramani ya mpaka wa pori la akiba ikionyesha mito na vijiji kwa majina ambayo watu wanayatumia, na orodha ya mahali palipopigwa dawa ya kwelea kwelea, pamoja na tarehe. Karatasi hiyo ya pili ingemfaa mwindaji, na ingemfaa zaidi mama anayenunua ndege waliotungwa kwenye ujiti kando ya barabara, ambaye hadi sasa hana wa kumwuliza walikufa kwa nini.